Mashini ndani ya mashini: siku daftari la shimo lilipokataa kufunguka

Saa mbili ya asubuhi benchi la mbele ya secrétariat lilikuwa limeshajaa. Ilikuwa Siku ya Posho, siku ya hesabu. Wengine walivuka daraja kutoka ngambo ya mto, Hombo ya Kusini, upande wa Kalehe. Wengine walifika na motari kutoka upande wa Musenge, matope mpaka magotini. Kila mmoja alikuja na kilo zake kichwani. Lakini kilo za kichwani hazilipwi. Zinazolipwa ni zile zilizoandikwa katika daftari, na daftari la timu yetu, tangu miaka kadhaa, linakaa ndani ya laptop yangu.

Nikafungua laptop. Linux ikawaka vizuri, picha yake ikatokea, saa ikaonekana pembeni. Nikabonyeza pahali ambapo daftari linalala. Dirisha dogo likaruka mbele yangu na maneno ya Kiingereza, na kati yake numero: rc=-1908. Nikafunga, nikabonyeza tena. Numero ileile.

PDG wa shimo alikuwa amesimama nyuma yangu. Kwetu PDG si mkubwa wa kampuni ya Kinshasa. Ni mwenye shimo, yule anayelisha timu mpaka jiwe litoke.

— Mwandishi, makuta ya watoto iko wapi?

— Papa, mashini inakataa.

— Inakataa namna gani? Naona inawaka.

— Ya inje inawaka, Papa. Ya ndani ndiyo inakataa.

— Ya ndani ya nini?

Watu wa benchi wakacheka. Mimi pia nikacheka, lakini jasho lilikuwa linanitoka. Siku ile sikuwa na nafasi ya kumjibu mzee. Leo ninamjibu, sababu najua si mimi peke yangu: kuna waandishi wengine wa timu, wa ushirika na wa depo, huku Walikale na hata Masisi, ambao wameficha hesabu zao ndani ya mashini ya namna hii, na siku ikikataa hawajui washike wapi.

Laptop yangu ina mashini mbili. Ya kwanza ni ile unayoshika kwa mkono, na programu kubwa inayoiongoza ni Linux, ya aina ya Ubuntu. Linux ni ya jamaa ya Unix, programu iliyozaliwa Marekani mwaka wa 1969. Mtu wa Finland, Linus Torvalds, alianza kuiandika mwaka wa 1991, na mpaka leo unaipata bila kulipa hata franga. Mashini ya pili haishikiki. Imetengenezwa kwa programu tu, na programu ile jina lake ni VirtualBox. Kazi yake ni kudanganya Windows. Inaiambia: hii ndiyo diski yako, hii ndiyo ekrani yako, huu ndio ubongo wako. Windows inaamini, inawaka, inafanya kazi, na haijui kama inakaa ndani ya dirisha moja tu la mwingine.

Fikiria nyumba ya kupangisha. Linux ndiye mwenye nyumba. Windows ni mpangaji wa chumba cha nyuma. Mpangaji anajiona yuko kwake, lakini maji, courant na njia ya kutokea barabarani vyote vinapita kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba akibadilisha serrure bila kumwambia mtu, mpangaji analala inje. Lakini vyombo vyake, kitanda chake na masanduku yake vingali mule chumbani.

Hilo la masanduku ndilo ninalotaka mshike kuliko yote. Windows nzima ya ndani, pamoja na daftari, pamoja na kilo za kila mtu, ni faili moja kubwa tu ambayo Linux inaichunga katika folda inayoitwa VirtualBox VMs, na jina lake linaishia na .vdi. Mashini ya ndani ikikataa kuwaka, mara nyingi faili ile hata haikuguswa. Ubaya uko mlangoni.

Sasa mtu ataniuliza: kwa nini kujisumbua hivi? Kwa nini usiweke Windows inje, kama watu wote? Niliiweka. Ilikufa mara mbili. Hapa kwetu flashi moja inatembea siku moja katika mashini kumi: asubuhi inabeba nyimbo, saa sita inabeba barua ya shule, jioni inabeba filamu. Na virusi vyake vinatembea nayo. Mnakijua kile kinachogeuza folda zote kuwa raccourci. Unabonyeza, hakuna kitu. Linux haipatwi na virusi hivyo vya Windows, kwa hiyo niliiweka mbele kama mlinzi. Lakini daftari letu lilitengenezwa zamani na kijana aliyesoma Bukavu, kwa programu ya Microsoft Access, na Access haitembei juu ya Linux. Kijana mwenyewe ameisha kwenda. Kuandika upya miaka yote ile ya kilo, ya ration zilizokopwa, ya nyundo na burini, ya numero za étiquette za magunia, nani atafanya? Basi Windows 7 ikaingia chumba cha nyuma, na nikaikatia intaneti. Windows 7 haipewi tena dawa na watengenezaji wake tangu Januari 2020; kuiacha itembee barabarani peke yake ni kuitafutia kifo.

Ujanja huu wa mashini ndani ya mashini si wa jana. Wahandisi wa IBM kule Cambridge, Marekani, walikuwa nao miaka ya 1960, sababu ordinatere moja wakati ule ilijaza chumba na iligharimu mali nyingi sana. Kuigawanya kwa watu wengi ilikuwa lazima. VirtualBox yenyewe ilitoka kwa kampuni ya Ujerumani, Innotek, na iliachiwa watu wote mwaka wa 2007; mwaka uliofuata Sun ikainunua, na mwaka wa 2010 Oracle ikainunua Sun. Na kama unafikiri mambo haya ni ya wazungu tu: kazi ile ya Amazon ya kukodisha mashini za namna hii kwa dunia nzima, iliyofunguliwa mwaka wa 2006, sehemu kubwa yake ilitengenezwa na timu iliyokaa Cape Town, Afrika ya Kusini.

Turudi kwenye benchi. Kijana wa secrétariat aliangalia ekrani, akanyoosha mkono kuchukua souris.

— Yaya, tufute hii VirtualBox yote, tuweke mpya. Dakika makumi tatu tu.

Nikamshika mkono. Kufuta VirtualBox yenyewe si kufuta faili ya .vdi, hilo ni kweli. Lakini mtu mwenye haraka, mbele ya watu makumi mbili wanaosubiri makuta, hafuti kitu kimoja tu. Kuna kitufe kinachotoa mashini ya ndani katika orodha, na mara moja kinakuuliza kama unataka kufuta na faili zake zote. Ukibonyeza ndiyo bila kusoma, vyombo vya mpangaji vimechomwa.

Nilikuwa nimeshaona msiba wa namna hiyo kwa macho yangu. Mwandishi mwenzangu wa timu nyingine alizoea kupiga mashini yake ya ndani picha, ile VirtualBox inaita snapshot, akidhani ni kopi ya usalama. Si kopi. Ukishapiga picha, faili ya zamani inafungwa pale pale, na kila kitu kipya unachoandika kinaenda katika faili nyingine, ndani ya folda ya Snapshots. Diski yake ilipojaa, akaona faili zile kubwa ndani ya Snapshots, akasema hizi ni uchafu, akazitupa. Mashini ikakataa kabisa. Tulipoiamsha kwa faili ya zamani, ikaamka ikiwa na hesabu za miezi mitano nyuma. Miezi mitano ya kilo za watu ilikuwa imekwenda. Timu ile iligombana mpaka mbele ya chef, kila mtu na kilo zake za kichwani, na PDG aliishia kulipa kwa kukadiria. Kuna walioondoka kwenye shimo lile na hawajarudi.

Kwa hiyo mkono wa kijana niliushika kweli kweli.

Hii rc=-1908 maana yake ni nini? Linux ina kiini chake, moyo unaogusa chuma chenyewe, wanauita kerneli. VirtualBox, ili imdanganye mpangaji vizuri, inahitaji kipande chake kidogo kiingie ndani ya moyo ule. Kipande kile kinaitwa vboxdrv, na kinachongwa kwa kipimo cha kerneli ile ile unayotumia, kama mpini unavyochongwa kwa tundu la nyundo moja. Wiki ile nilikuwa nimepita Bunyakiri, nikawasha laptop pahali penye réseau, na Linux, bila kuniuliza, ikavuta mise à jour. Kerneli mpya ikaingia. Nilipozima na kuwasha, moyo ulikuwa mwingine na mpini wa zamani haukuingia tena. Mashini haikuwa mbovu. Ilikuwa inaomba mpini mpya.

Dawa kamili inataka intaneti, na asubuhi ile megas zangu zilikuwa zimeisha na réseau ilikuwa inakuja na kwenda. Lakini kuna dawa ya haraka ambayo haitaki hata megabaiti moja, na watu wengi hawaijui. Ubuntu ikiweka kerneli mpya, kwa kawaida haitupi ile ya nyuma, inaiacha ikae. Basi: zima laptop, iwashe tena, na pale mwanzoni kabisa shika kitufe cha Shift. Katika laptop za karibuni, piga Esc mara moja badala ya Shift. Orodha nyeusi itatokea. Shuka kwenye mstari wa pili, ule ulioandikwa Advanced options for Ubuntu, bonyeza Enter. Utaona kerneli zimepangwa na numero zao, mpya juu, ya zamani chini. Usichague zile zenye maneno recovery mode. Chagua ile yenye numero ndogo, bonyeza, ngojea.

Nilifanya hivyo. Linux ikawaka kama kawaida. Nikabonyeza daftari. Dirisha la Windows likafunguka, na ule muziki wake mdogo wa kuamka ukalia. Mtu mmoja kwenye benchi akapiga makofi.

Jioni, megas zilipopatikana, nikaleta dawa ya kweli. Kwanza nikarudi katika kerneli mpya, sababu usipofanya hivyo utachonga mpini wa nyundo ya zamani. Kisha nikafungua terminali, ile ekrani ya kuandika amri, nikaandika:

sudo apt install dkms linux-headers-$(uname -r)

Hii inaleta vipimo vya kerneli unayotumia. Kisha, kama VirtualBox yako ulichukua kwa Oracle wenyewe, unaandika sudo /sbin/vboxconfig. Kama uliichukua katika ghala la Ubuntu, unaandika sudo dpkg-reconfigure virtualbox-dkms. Mwisho sudo modprobe vboxdrv. Ikinyamaza bila kusema kitu, furahi: katika ukoo wa Unix, kunyamaza maana yake ni ndiyo.

Ikisema kwamba ufunguo umekataliwa, hapo kuna mlinzi mwingine, Secure Boot, anayekaa katika laptop za miaka hii. Yeye haachi kipande chochote kiingie kwenye moyo wa mashini kama hakina sahihi anayoijua. Ubuntu itakuomba utunge neno la siri, kisha uzime na kuwasha. Na hapa ndipo watu wanapotea: ukiwasha, ekrani ya buluu inatokea na inangoja sekunde chache tu. Ukienda kuchukua chai, imepita, na utarudia tangu mwanzo. Kaa hapo, bonyeza kitufe chochote, chagua Enroll MOK, andika lile neno la siri ulilotunga. Kuna wengine wanaamua kuzima Secure Boot katika baiosi. Inafanya kazi, siwakatazi. Mimi napenda kuacha mlinzi mlangoni.

Hiyo ndiyo -1908, na ndiyo nimeiona mara nyingi kuliko nyingine. Lakini msimu wa mvua uliofuata mashini ya ndani ilikataa tena, na safari hii numero haikuwa hiyo. Iliandika VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED. Jina refu sana, lakini ukilisoma polepole linasema kitu kimoja: nguvu ya kubeba mashini nyingine imezimwa katika baiosi. Prosesa za Intel zinaita nguvu ile VT-x. Zile za AMD zinaita AMD-V, na kosa lao linaandikwa VERR_SVM_DISABLED.

Nani aliizima? Si mtu. Niliona saa ya laptop inasema mwaka ambao hata shimo letu halikuwa limefunguliwa. Laptop za occasion tunazonunua zina pili ndogo ya duara, kama pili ya saa, inayochunga tarehe na mipango ya baiosi wakati laptop imezimwa. Pili ikifa, baiosi inasahau kila kitu na kurudi namna ilivyotoka kiwandani, na laptop nyingi zilitoka kiwandani zikiwa na VT-x imezimwa. Unaweza kuiwasha leo, kesho ikasahau tena. Kwa hiyo ukiona saa imerudi nyuma na mashini ya ndani imekataa siku ile ile, usitafute mbali: ni pili. Badilisha, kisha ingia baiosi (F2, F10 ao Delete, kufuatana na aina ya laptop), tafuta mstari wenye neno Virtualization, uweke Enabled, hifadhi, toka.

Kijana wa secrétariat alipofungua mgongo wa laptop ili aitoe pili, wachimbaji wawili waliinama kuangalia. Mmoja akauliza vile vidoti vinavyong'aa kwenye ubao wa kijani ni nini. Ni etain, nikamwambia, ile inayotoka katika kasiterite. Ndiyo inayoshikanisha vipande vyote na ubao. Na vile vipande vidogo vya rangi ya njano kama punje ya muhindi, vingi vya namna ile vina tantale, ile inayotoka katika coltan. Akanyamaza kidogo. Akauliza kama hii moja ilitoka kwetu, Bisie ao hapa. Nikamjibu kwamba ubao hauna étiquette.

Kuna kosa la tatu, jipya zaidi, na linawachanganya hata mafundi. Linux ina mbebaji wake mwenyewe wa mashini za ndani, anaitwa KVM, aliyeingia katika kerneli mwaka wa 2007. Zamani KVM alikuwa analala mpaka aitwe. Tangu kerneli ya 6.12, akishapakiwa tu anaishika VT-x mara moja, na VirtualBox ikifika inakuta nafasi imekwisha kuchukuliwa. Inaandika VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE. Ni kama PDG wawili katika shimo moja. Mwambie KVM atoke: sudo modprobe -r kvm_intel, ao kvm_amd kama prosesa ni ya AMD. Mashini itawaka. Lakini ukizima laptop na kuwasha, anarudi. Anayetaka amalizane naye aongeze maneno kvm.enable_virt_at_load=0 katika mstari wa kuwasha kerneli, ndani ya faili /etc/default/grub, kisha aandike sudo update-grub. Ukiogopa kugusa faili ile, andika ile amri ya kwanza kila asubuhi. Si aibu.

Mengine nayapita haraka. Mashini ya ndani ikisimama katikati ya kazi na kusema haina nafasi, andika df -h, uangalie kama diski ya inje imejaa. Futa filamu, si faili ya.vdi, kisha uiambie iendelee. Jua pia kwamba faili ya .vdi inakua wakati unaandika, lakini ukifuta vitu ndani ya Windows haipungui yenyewe. Ikiwaka polepole kama gari lililokwama kwenye matope ya barabara ya Walikale, pengine umempa mpangaji chakula chote cha nyumba: laptop yangu ina RAM ya giga 4, na Windows naipa giga moja na nusu, basi. Flashi isipoonekana ndani, jina lako halimo katika kikundi cha vboxusers: sudo usermod -aG vboxusers na jina lako, kisha toka na kuingia tena. Ila mimi, kwa sababu nilizosema, flashi za watu haziingii chumba cha nyuma.

Na courant. Hapa tunaishi na panneau na batri, na jua la Hombo mnalijua, kuna wiki halionekani. Batri ikikatika wakati mashini ya ndani iko kazini, kesho yake VirtualBox itaandika Aborted kando ya jina lake. Neno linaogopesha, lakini linasema tu kwamba ilikatwa ghafula. Iwashe, acha Windows ichunguze diski yake, usiikatishe. Hatari kubwa ni kwa daftari lenyewe: Access ikikatwa katikati ya kuandika, faili yake inaweza kupasuka. Ina kitufe chake cha kujitengeneza, Compact and Repair, na kiliniokoa mara moja. Mara moja tu.

Tangu Siku ya Posho ile nina desturi mbili. Ya kwanza: kila tarehe moja ya mwezi nazima mashini ya ndani kabisa, si kuilaza, kisha napiga kopi ya folda yake nzima kwenye diski ya inje, na diski ile inalala kwa shangazi yangu, ngambo ya mto. Aliyejaribu kuiweka kwenye flashi na kuambiwa kwamba faili ni kubwa mno wakati flashi ni tupu, ajue kwamba flashi nyingi zimetayarishwa kwa namna ya FAT32, na FAT32 haibebi faili moja inayopita giga 4. Iandae upya kwa exFAT. Ya pili: kila ijumaa jioni natoa kwenye imprimante ya secrétariat karatasi ya kilo za wiki, kopi mbili. Moja kwa PDG, moja inabandikwa kwenye ukuta wa depo, kila mtu aisome. Kijana alinicheka: mashini mbili, kisha karatasi? Nikamwambia aende kuuliza ile timu ya miezi mitano.

Siku ile tulianza kulipa saa nne na nusu. Wa kwanza kuitwa alikuwa mama mmoja aliyekuja kwa ajili ya mtoto wake wa kiume, aliyekuwa amelala hospitali na mguu uliovunjika. Alihitaji makuta yale kabla ya motari ya saa sita. Kichwani alikuwa na kilo 11, ndivyo mtoto alivyomtuma. Daftari likasema kilo 13 na nusu. Jumatano ile, kabla ya kuumia, alikuwa ameongeza. Mama akaniomba nisome mara ya pili.

Papa PDG ameshika sasa maneno ya kazi. Kila Siku ya Posho akifika, kabla ya salamu, anauliza kwa sauti ili benchi lote lisikie:

— Mwandishi, ile ya ndani imeamuka?